Ondoeni Magari Kwanza
Mhadhara wa umma uliotolewa Mkwiro, Kwale



Mwenzangu mmoja wa chuoni aliniuliza ajali za barabarani zinawahusu nini watu wa kisiwa cha Wasini, kusikopita magari. Zinawahusu sana. Mgonjwa wa Mkwiro huvushwa kwa boti hadi Shimoni, hupandishwa gari hadi Kanana, ndipo aishike barabara kuu ya Lunga Lunga kuelekea hospitali ya Msambweni. Magari mawili yakigongana Ramisi na kuziba njia, mgonjwa huyo hana pa kupita.

Nimekuja kuivunja kauli moja inayorudiwa na madereva, makondakta, hata mawakili: magari yaliyogongana yasiguswe mpaka trafiki aje apime.

Eti ushahidi utapotea. Ushahidi upi, siku hizi ambapo kila utingo ana simu yenye kamera? Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka dereva asimame, ajitambulishe, na ajali iripotiwe polisi mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 24. Waliotunga sheria hawakutarajia askari awepo papo hapo kwa kila mkwaruzo. Mtu akifa au akiumia vibaya, nakubali, hilo ni jambo jingine, na askari ndiye mwenye neno.

Niliwahi kukwama hapo Ramisi. Pikapu ilikuwa imeivunja Probox taa ya nyuma, basi. Magari yote mawili yalikuwa yanatembea, lakini yaliachwa katikati ya lami, wenyewe wamekaa chini ya mkorosho. Utingo wa lori la miwa alikata matawi akayapanga barabarani kuwatahadharisha wanaokuja. Kwenye foleni ile alikuwamo mama mjamzito kutoka ng'ambo hii, mkwewe akimpepea kwa pindo la leso.

Haraka, hata hivyo, ina mipaka. Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, na Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, malori ya mafuta yalipinduka, watu wakasogea kuchota, moto ukaua zaidi ya 100 katika kila ajali. Penye mafuta, kazi ya kwanza ni kuwafukuza watu, ndipo winchi ije.

Tukirudi kwenye muda wa barabara kuzibwa, hati ninayoipenda kuliko zote katika utafiti wangu ni abstrakti ya polisi. Nimezisoma kwa miaka, zingine zina alama za grisi. Ina tarehe na saa ya ajali, mahali, namba za magari, wenye magari, bima, majeruhi. Imeandaliwa kwa ajili ya fidia, na kwa fidia inatosha. Saa barabara ilipofunguliwa haina pa kuandikwa. Nami nashikilia, hata wahandisi wakinipinga, kwamba saa hiyo ina uzito kuliko upana wa lami. Florida, Marekani, wamejiwekea lengo la kuifungua barabara ndani ya dakika 90 tangu mwokoaji wa kwanza afike. Lengo hilo lina maana kwa sababu muda wenyewe unapimwa.

Naiomba polisi iongeze nafasi ya saa hiyo kwenye fomu, na kaunti ya Kwale iweke winchi Msambweni, usiku na mchana. Nanyi madereva mlionisikiliza: mkigongana na hakuna aliyeumia, pigeni picha, peaneni namba, sogezeni magari pembeni.