Kuongozwa na Mungu Kila Siku
(Maneno yaliyosemwa na katekista mbele ya Wakristo na walimu, kisiwani Rukuba)



Ndugu wapendwa wa Rukuba, nanyi walimu mliovuka ziwa kuja kusali pamoja nasi:

Katika siku hizi za jubilei twasikia habari za mambo makubwa: jinsi Mapadre Weupe walivyofungua misioni ya Nyegina mwaka 1911, jinsi Mapadre wa Maryknoll walivyofika Musoma kutoka Marekani mwaka 1946, na jinsi Musoma ilivyofanywa jimbo mwaka 1957. Ni vema kuyakumbuka. Lakini mimi nimeagizwa niseme juu ya jambo la kila siku, yaani namna ya Mkristo kukubali kuongozwa na Mungu katika kazi zake, bila kujidanganya. Neno hili la mwisho nimeliongeza mwenyewe, maana kujidanganya ndiko nikujuako.

Ninyi wavuvi mwajua kuliko mimi ya kuwa mtu hawezi kuufanya upepo. Alfajiri watoka nchi kavu na kuyapeleka matanga ziwani. Alasiri wageuka na kuyarudisha nyumbani. Kazi ya mwenye mtumbwi ni kuujua wakati wake na kutweka tanga. Aliyelala alfajiri asiseme Mungu amemnyima upepo. Naye atwekaye saa isiyo yake asiseme ameyatumainia Maongozi ya Mungu.

Wengi hudhani kwamba kumtii Mungu ni kwenda mbio siku zote. Mtazameni Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama, ambaye jimbo letu lilianza mwaka 2005 kuyachunguza maisha yake ili aweze kutajwa mtakatifu. Alianza kusikiliza mafundisho ya dini alipokuwa mtoto wa shule ya Mwisenge, ambako aliingia mwaka 1934. Hata hivyo hakubatizwa ila tarehe 23 Desemba 1943, huko Nyegina, mwaka uliofuata kufa kwa baba yake, Mtemi Nyerere Burito. Hiyo ni miaka mingi ya kungoja, wala hakuiacha njia. Tena mwaka 1955, alipokuwa akifundisha Pugu, ilimbidi achague ualimu au siasa, akauacha ualimu pamoja na mshahara wake. Sisi hatukuyasikia aliyosema na Mungu katika sala zake. Twaona tu kwamba mtu yule yule aliweza kungoja, na aliweza kuondoka.

Mimi sikuweza kungoja. Mwaka mmoja, wakati wa masika, nilikuwa Musoma mjini, nikaletewa habari kwa simu kwamba mzee mmoja wa hapa kisiwani, mkatekumeni, yu mahututi naye ataka ubatizo. Padre alikuwa safarini mbali. Nikashuka ufukoni. Ilikuwa alasiri, na mawingu meusi yalikuwa yamesimama upande wa ziwa. Mwenye mtumbwi, ambaye si Mkristo, akaniambia, "Mwalimu, leo hatuvuki." Nikamjibu, "Niendako ni kazi ya Mungu, atatulinda." Akasema, "Na hawa vijana wangu wawili, umewauliza?"

Nikakasirika. Nikatafuta mtumbwi mwingine, nikakosa. Nikapiga simu, isipatikane. Usiku dhoruba ikaja kwa nguvu, nami nimelala katika nyumba ya ndugu yangu, nikimlaumu yule mtu na, nasema kweli, nikimlaumu Mungu pia.

Alfajiri kukatulia, tukavuka. Mzee alikuwa amekwisha kufa. Mkewe akaniambia, "Mwalimu, nimembatiza mimi." Kumbe katekista aliyenitangulia alikuwa akiwafundisha watu wote, kila Kwaresima, namna ya kubatiza katika hatari ya kufa: kummiminia mgonjwa maji kichwani na kuyatamka maneno ya ubatizo, kwa nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa. Somo lile mimi nilikuwa nimeliacha miaka sita. Niliona halina haja, maana mimi nipo na mitumbwi ipo. Mzee mmoja wa kanisa alinikumbusha mara mbili, nikacheka.

Basi, nikitafuta ni lini Mungu alisema nami, naona haikuwa usiku ule wa dhoruba. Alisema kwa kinywa cha mzee aliyenikumbusha somo, nami nikacheka. Akasema tena kwa kinywa cha mwenye mtumbwi, nami nikakasirika. Hata Naamani, mkuu wa jeshi la Shamu, nusura arudi kwao na ukoma wake kwa kuwa agizo la nabii lilikuwa jepesi mno, kuoga mtoni tu. Watumishi wake ndio waliomtuliza. (Nashangaa kwamba majina yao hayakuandikwa.)

Walimu wenzangu, hatari yetu ni hii: twasema sana kwa jina la Mungu, hata twasahau kumwuliza. Kabla hatujasema, "Mungu ataka hivi," tuulize ni nani atakayelipa. Nikiona ya kuwa sifa ni zangu na kuzama ni kwa mwingine, mapenzi hayo nayashuku kuwa ni yangu mimi. Na nyumbani ni vivyo hivyo. Baba asemaye kwamba Mungu amemwonyesha kumtoa binti yake shuleni, je, amemsikiliza mama yake? Amemsikiliza binti mwenyewe?

Yule mjane alikuwa na swali moja. Aliniuliza kama maji yale yalifaa, maana yalikuwa ya ziwani, ameyachota gizani kwa kikombe cha uji, wala hayakubarikiwa. Nikamwambia yalifaa kabisa.

Jumapili ijayo, baada ya sala, tutalifundisha tena somo lile. Kila nyumba ilete mtu mmoja kwa uchache, na wanaume wasibaki ufukoni.