Mbolea ya Miwa na Mvua Isiyotabirika

Wasikilizaji wetu, leo nitawaeleza habari za miwa ya Tully, pwani ya kaskazini ya Queensland, nchi ya Australia. Mvua ya huko si haba. Mwaka 1950 ilipita milimita 7,800, yaani kina cha kuwafunika watu wanne waliosimama mmoja juu ya mwenziwe.

Baada ya mavuno, maotea yachipuapo, mkulima hutia mbolea ya naitrojeni. Kipimo cha zamani kilikuwa kilo 1.4 kwa kila tani ya miwa aitarajiayo, mpaka tani 100 kwa hekta. Kwa kila tani iliyozidi, kilo 1. Hesabu hiyo ni safi, lakini haiijui mvua. Mvua ikizidi mno, udongo hujaa maji, mawingu huziba jua, nao muwa hudumaa usile chakula chote ulichowekewa. Na kilichosalia hakingoji: kingine hugeuka hewa kikapotea, kingine huchukuliwa na mito mpaka baharini, kwenye miamba ya matumbawe, kikaidhuru.

Basi apunguze? Akipunguza katika mwaka mwema, majani huwa manjano na mavuno hupungua. Ndiyo maana wengi huzidisha, nami siwalaumu.

Wataalamu wamechunguza dalili za mapema: maji ya katikati ya Pasifiki yakipoa kuliko desturi, mvua ya Queensland huelekea kuzidi, na mkulima aweza kupunguza kipimo kabla hajatia. Mbolea yenyewe huifukia udongoni, wala haimwagi juu.