BERINGI ZA KRANKI: LORI LIKILALAMIKA, LISIMAMISHWE
(Mazungumzo ya fundi kwa wanachama, Ngokolo)



Nimeombwa nizungumze juu ya injini ya lori, hasa ile sehemu isiyoonekana ambayo ikiharibika hula fedha kuliko nyingine. Hata asiyewahi kushika spana na asikilize, maana lori ni la wote, na likinoki tunalipa wote.

Tuanze na kazi yake. Ndani ya injini pistoni hupanda na kushuka, lakini magurudumu yanataka kuzunguka. Kinachogeuza mwendo huo ni chuma kizito kilichopindapinda, kinaitwa kranki shafti. Mfano wake ni baiskeli: goti hupanda na kushuka, mnyororo unazunguka. Kranki hiyo hukaa ndani ya beringi za meni kwenye bodi ya injini, na konrodi za pistoni huishika kwa beringi za konrodi. Beringi hizi hazina gololi kama za baiskeli. Ni vibati vyembamba vya nusu duara, mgongo chuma, uso madini laini.

Kwa nini laini? Ili kikitokea kitu, kiumie kibati cha bei ndogo, kranki ya bei kubwa ipone. Akili hii ni ya zamani. Isaac Babbitt wa Marekani aliileta mwaka 1839, akatumia mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba. Siku hizi mchanganyiko hutofautiana, lakini shabaha ni ile ile.

Baina ya kibati na kranki pana nafasi ndogo sana, yapata milimita 0.05, nyembamba kuliko unywele. Pampu husukuma oili humo, na kranki huzunguka juu ya oili bila kugusa kibati. Oili ikikatika, chuma kinakutana na chuma, na dakika chache zinatosha kumaliza kazi.

Sasa adui wa beringi ni hawa:

1. Oili pungufu. Pima kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali pa tambarare. Futa kijiti, chovya, soma.

2. Uchafu. Vumbi letu la kiangazi mnalijua. Wenzetu wa Geita husaga mawe kwenye karasha wapate dhahabu. Vumbi likiingia kwenye oili, injini nayo imekuwa karasha, ila haitoi dhahabu. Mpira wa hewa uliopasuka usifungwe kitambaa, ubadilishwe. Oili na filta vibadilishwe pamoja, tena mapema kuliko kwenye barabara ya lami. Vitabu vingi vya magari huagiza hivyo kwa nchi za vumbi.

3. Maji. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe tena mpaka fundi aone yanakotokea.

4. Kulazimisha. Kupanda mlima na mzigo kwa gia kubwa huku injini inatetemeka hukandamiza beringi. Shusha gia. Vile vile, ukiwasha asubuhi usikanyage mafuta hapo hapo. Ipe oili nafasi ifike juu.

Dalili zake ni zipi? Ya kwanza ni ile taa nyekundu yenye alama ya kibirika. Taa hii haisemi oili imepungua kidogo. Inasema msukumo wa oili umekwisha, yaani kranki inakaribia kukauka. Ya pili ni mlio. Beringi ya konrodi hugonga ko-ko-ko, na mlio hubadilika ukikanyaga au ukiachia mafuta. Beringi ya meni hutoa mlio mzito wa chini, du-du-du, hasa gari likivuta mzigo. Ya tatu ni oili iliyomwagwa kumeremeta vichenga vya madini.

Taa ikiwaka njiani, zima injini. Usiseme "nitafika tu hapo mbele." Pima oili. Kama imepungua, ongeza, washa, tazama taa. Isipozimika mara moja, zima tena, lori livutwe. Wapo wanaoweka oili nzito kupita kiasi ili mlio upungue. Huko ni kumziba mgonjwa mdomo. Ugonjwa upo pale pale.

Ukisimama mapema, matengenezo si makubwa. Fundi humwaga oili, hufungua karai la chini, hutoa kofia za konrodi moja moja na kuzitia alama zisichanganyike. Kibati chenye mikwaruzo kimekula uchafu. Kilichotoka rangi ya shaba kimekwisha uso. Kisha shingo za kranki zipimwe kwa maikromita, si kwa jicho. Zikiwa nzima, vinawekwa vibati vipya vya saizi ile ile. Zikiwa na mikwaruzo au zimepoteza umviringo, kranki inakwenda kwenye mashine kusagwa, kwa kawaida milimita 0.25, kisha 0.50, na vibati vinunuliwe vya saizi hiyo. Kranki husagwa mara chache tu. Ikipita kiasi, ni chuma chakavu.

Kuna ufundi wa shida tuukatae: kuchonga kofia ya konrodi kwa tupa, au kuweka karatasi ya pakiti ya sigara nyuma ya kibati. Mlio hunyamaza siku chache, halafu konrodi hutoboa bodi ya injini. Zamani, miaka ya mwanzo ya 1980, vipuri vilikuwa adimu na watu walihangaika. Leo vipuri vipo, taabu ni vya bandia. Nunua penye risiti, linganisha na kile cha zamani.

Wakati wa kufunga, njia za oili zisafishwe, mgongo wa kibati uwe mkavu, uso upakwe oili, na nati zikazwe kwa spana ya kipimo kama kitabu kinavyosema. Pampu ya oili nayo ikaguliwe, au beringi mpya zitakufa kama za kwanza.

Ndugu wanachama, mengi ya haya ni kazi ya fundi na dereva. Lakini liko moja lenu nyote. Msimu wa pamba dereva hubanwa kila upande: kiwandani wanamngoja, abiria juu ya mzigo wanapiga kelele, kiongozi anauliza mbona umechelewa. Akiona taa nyekundu anaogopa kugombwa, anaendelea. Hapo ndipo injini nyingi zinapofia. Kwa hiyo naomba mkutano uamue: dereva atakayesimamisha lori kwa sababu ya taa au mlio asigombwe wala asikatwe posho, hata kama fundi akikuta ni waya tu. Kuchelewa siku moja ni kero. Kukosa lori msimu mzima, pamba ikiwa imelala ghalani na wakulima wanangoja fedha zao, ni msiba.

Daftari la oili liwekwe ofisini: tarehe, kilomita, kiasi kilichoongezwa, jina la aliyepima. Mwanachama yeyote aruhusiwe kulisoma.

Mwenye swali na aulize.