Pampu ya Maji Matamu Botini: Isikilize Kabla ya Kuifungua

Haya ni maelezo ya fundi wa boti kwa manahodha, mabaharia na wenye vyombo wa Kaunti ya Lamu. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakaazi wote wanaosafiri kwa bahari.



Leo nazungumzia pampu ya maji matamu, ile inayovuta maji kutoka kwenye tangi la boti na kuyapeleka kwenye mfereji wa jikoni au wa bafu. Sizungumzii pampu ya kutoa maji ya ngama, wala ile inayopoza mashine. Hizo zina mada zake.

Huenda mtu akauliza, kifaa kidogo hivyo kina uzito gani? Nitataja mambo mawili. Boti inayotoka Lamu kwenda Faza au Kiwayu hupita Mkanda, na sote tunajua Mkanda wakati wa maji kupwa. Ukichelewa, unangoja maji yajae. Unakaa juani saa kadhaa na abiria, wakiwemo watoto na wazee. Pampu ikikataa hapo, tangi limejaa lakini hakuna tone la kunywa.

Jambo la pili ni betri. Boti nyingi ndogo zina betri moja tu. Hiyo hiyo inawasha mashine, taa, redio na pampu. Pampu inayowaka na kuzima usiku kucha inakula betri hiyo kidogo kidogo, na alfajiri ukitaka kung'oa nanga, mashine haiwaki. Kwa hivyo ubovu wa pampu ya maji ya kunywa unaweza kugeuka kuwa ubovu wa boti nzima.

Namna inavyofanya kazi

Pampu nyingi za boti ndogo hutumia umeme wa volti 12. Ndani kuna mota, mpira unaopanda na kushuka, vali ndogo zinazoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, na swichi ya presha. Ukifungua mfereji, presha inashuka na swichi inawasha mota. Ukifunga mfereji, presha inapanda na swichi inaizima mota. Hakuna mtu anayebonyeza kitu.

Ukielewa hilo, umeshapata nusu ya ufundi. Pampu ikiugua, hutoa dalili kwa sauti yake. Fungua mfereji, nyamaza, sikiliza. Utasikia moja kati ya mambo matatu.

Kwanza: kimya kabisa

Kama mfereji uko wazi na pampu haitoi hata mlio, anza na umeme. Angalia swichi ya pampu kwanza, kwani huenda kuna aliyeizima. Kisha angalia fyuzi. Fyuzi ikiwa imeungua, weka nyingine ya kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye pampu au kijitabu chake. Ikiungua tena, usiweke ya tatu. Kuna waya umegusana au mota imekwama, na hiyo sababu ndiyo itafutwe.

Hapa nataka kusema kwa nguvu. Msifunge kipande cha waya mahali pa fyuzi, wala msiweke fyuzi kubwa zaidi. Fyuzi iko pale ili iungue yenyewe kabla waya haujashika moto. Kwenye boti yenye petroli, waya ukishika moto hakuna pa kukimbilia.

Fyuzi ikiwa nzima, chukua mita ya umeme. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Ikisoma chini ya 12, haina nguvu, na shida si pampu. Betri ikiwa nzuri, pima kwenye nyaya za pampu yenyewe huku mfereji ukiwa wazi. Kama hakuna umeme unaofika, fuata waya kurudi nyuma hadi uone ulipokatika au ulipoliwa na kutu ya kijani kwenye maungio. Hewa ya chumvi haina huruma na shaba. Kata sehemu iliyooza, unganisha upya, kisha ifunike unyevu usiingie.

Kama umeme unafika vizuri na mota bado iko kimya, basi ni swichi ya presha au mota yenyewe. Kama pampu ilikuwa imefanya kazi muda mrefu na mwili wake ni wa moto, ngoja ipoe kwanza. Pampu nyingi zina kinga inayoizima ikipata joto kali, na ikipoa huwaka tena.

Pili: inaunguruma, lakini maji hayaji

Hapa umeme upo. Tatizo liko kwenye njia ya kuvuta, yaani kati ya tangi na pampu. Je, tangi lina maji? Chungulia kwa macho yako, usitegemee geji. Je, vali ya tangi iko wazi? Je, tundu la hewa la tangi limeziba? Tangi likikosa kupumua, pampu hushindwa kuvuta.

Kisha fungua chujio dogo lililo kabla ya pampu. Mchanga, ukungu na vipande vya plastiki hukusanyika humo. Lisafishe, na ukilirudisha hakikisha mpira wa kifuniko umekaa sawa. Mara nyingi naitwa kubadilisha pampu, na nikifika nakuta kifuniko cha chujio hakijakazwa.

Jambo linalowapoteza wengi ni hili: upande wa kuvuta, tundu halidondoshi maji. Linaingiza hewa. Paipu inaonekana kavu na safi, kumbe klipu imelegea na pampu inavuta upepo badala ya maji. Kwa hivyo usitafute unyevu upande huo. Kaza klipu zote, na tazama kama paipu imepasuka au imekunjika.

Kuna kipimo rahisi kisichohitaji vifaa vingi. Chomoa paipu ya tangi kwenye pampu, weka kipande kifupi cha paipu nzima mahali pake, na utie ncha nyingine ndani ya ndoo ya maji safi. Pampu ikivuta kutoka kwenye ndoo, pampu ni nzima na ubovu uko upande wa tangi. Isipovuta, ubovu uko ndani ya pampu: mpira umepasuka au vali zimekwama na uchafu. Dakika 10 za ndoo zinaweza kukuokolea bei ya pampu mpya.

Tatu: inawaka na kuzima, na mifereji yote imefungwa

Hii ndiyo inayokula betri. Pampu inayonguruma kidogo kila baada ya dakika chache, wakati hakuna anayetumia maji, inakwambia presha inapotea mahali. Safari hii tafuta maji yanayovuja, kwa sababu upande wa kusukuma tundu hutoa maji nje. Pitisha karatasi ya shashi kavu kwenye kila ungio kutoka pampu hadi mfereji. Itakapolowa, umepata. Angalia pia kama ngama ina maji yasiyo na chumvi. Hayo ni maji yako ya kunywa yanayomwagika.

Usipoona mvujo wowote, presha inarudi nyuma kwenye tangi kupitia vali za ndani ya pampu. Zima umeme, fungua kichwa cha pampu, safisha vali kwa maji safi, uzirudishe zilivyokuwa. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua. Vali zikiwa zimechakaa, pampu nyingi zina vipuri vya vali na mpira vinavyouzwa peke yake, bila kununua pampu nzima.

Wakati unatafuta ubovu huo, zima swichi ya pampu na uiwashe tu mnapohitaji maji. Hasa usiku, kabla ya kulala, izime.

Kuna na hali nyingine: maji yanakuja lakini kwa unyonge. Angalia chujio, kisha kile kichujio kidogo kwenye mdomo wa mfereji. Kisha pima volti kwenye betri na kwenye pampu ikiwa inafanya kazi. Tofauti ikizidi volti 1, waya ni mwembamba mno au maungio yameoza.

Kabla na baada ya kazi

Kabla ya kugusa waya, zima swichi kuu. Fungua sehemu zote hewa ipite, kwani mvuke wa petroli hukaa chini, ndani ya ngama. Sigara ibaki nchi kavu.

Baada ya kufungua paipu au tangi, kumbuka maji haya yananywewa. Safisha kwa dawa ya klorini isiyo na manukato. Kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 5, mililita 100 zinatosha tangi la lita 100 lililojaa. Fungua kila mfereji hadi usikie harufu ya klorini, funga, acha saa 4, kisha mwaga na usuuze hadi harufu iishe. Maji hayo ya dawa si ya kunywa. Paipu mpya ziwe za kiwango cha maji ya kunywa. Paipu ya petroli iliyooshwa haifai.

Na hata pampu ikiwa mpya, beba mtungi wa lita 20 wa maji ya kunywa, uliofungwa, usioguswa ila kwa dharura. Weka botini fyuzi 3 za kipimo sahihi, klipu 4, bisibisi, tepe ya umeme na kipande cha paipu. Vyote vinaenea kwenye kopo moja la mkate.

Manahodha, abiria anapokanyaga chombo chako anakuamini wewe kwa roho yake. Jaribuni pampu zenu mkiwa gatini, kabla ya kufungua kamba. Washa, sikiliza, funga mfereji, hesabu dakika 10. Ikikaa kimya, nenda. Ikinguruma, tafuta kwanza.

Sasa tuingie kwenye maswali.