Mnyoo wa Chura na Maji ya Silanga

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la wananchi, Igembe Kaskazini

 

Mzazi mmoja aliniuliza swali. Mtoto wake alipasua chura aliyekufa kando ya silanga, akakuta utepe mweupe ndani ya nyama ya paja. Je, chura huyo ni hatari kwetu? Mimi si daktari, kazi yangu ni habari. Lakini swali hilo linahusu maji tunayokunywa, kwa hivyo nimekuja na jibu.

Chura kuwa na minyoo ni jambo la kawaida. Wengi hukaa katika utumbo, mapafu au kibofu chake, na hawana haja na binadamu. Lakini utepe mweupe ndani ya nyama unaweza kuwa tegu mchanga aitwaye Spirometra. Tegu mzima huishi katika utumbo wa mbwa, paka, simba na fisi, na hao wa Mbuga ya Meru ni majirani zetu. Mayai hutoka na kinyesi, mvua huyabeba hadi silangani. Huko huanguliwa, na anayetoka humezwa na mdudu wa maji mdogo kuliko punje ya wimbi. Kiluwiluwi humeza mdudu huyo, na tegu huhamia katika nyama yake. Mbwa akila chura, mzunguko unaanza upya.

Mtu huambukizwa kwa kunywa maji yenye wadudu hao, au kwa kula nyama ya chura au nyoka isiyoiva. Barani Asia wako walioambukizwa kwa kubandika nyama mbichi ya chura kwenye jicho linalouma. Sisi hatuli chura, lakini maji ya silanga tunakunywa. Wala ugonjwa huu si wa mbali: mwaka 1972 jarida moja la kitabibu liliandika kuuhusu Umaasaini.

Mwilini mwa mtu, tegu huyu hutembea chini ya ngozi na kufanya uvimbe unaoweza kuhama. Mara chache huingia jichoni au ubongoni. Tiba ya kawaida ni daktari kumtoa kwa upasuaji. Kwa hivyo ukiona uvimbe unaohama, usiukate nyumbani kwa wembe. Nenda hospitali, ueleze maji yako yanatoka wapi. Mtu hamwambukizi mwenzake, basi mgonjwa asitengwe.

Kinga ni hizi. Chemsha maji ya kunywa. Kuni zikikosekana, yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichofumwa vizuri. Kitamzuia yule mdudu, ingawa vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo vinahitaji maji yachemshwe. Wape mbwa dawa ya minyoo kwa ushauri wa afisa wa mifugo. Watoto wanawe mikono wakishika chura. Na tusiwaue vyura: wanakula wadudu wanaotusumbua shambani.

Kitambaa si jambo la kudharau. Mnyoo wa Guinea naye hupitia mdudu wa maji wa aina hiyo hiyo. Kuchuja maji ni moja ya silaha zilizotumika kumshinda, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya haina tena ugonjwa huo.

Najua mtasema mnataka bomba, si kitambaa. Ni haki yenu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Endeleeni kulidai bomba hilo katika vikao vya bajeti. Lakini mtoto atakunywa maji leo jioni, kabla bomba halijafika. Tumchujie.