Mchagua Fimbo Si Mchezaji

Jioni pale Mtumba, Dodoma, utamwona kijana kwenye meza ya pool akibadilisha fimbo. Akikosa, anailaumu, akipata, anajisifu. Wahenga walisema: mchagua jembe si mkulima.

Je, mabingwa hawachagui? Wanachagua sana: fimbo ya kuvunjia yenye ncha ngumu, fupi ya kurushia mpira mweupe, na ya kuchezea yenye ncha ya ngozi. Ila wakishachagua, hawabadili ovyo. Katika snuka, ndugu wa pool, Stephen Hendry wa Uskoti alitwaa ubingwa wa dunia mara 7, kati ya 1990 na 1999, kwa fimbo ileile ya ujanani.

Kijana, vingirisha fimbo mezani, ikiyumba, iache. Ikinyooka, cheza. Ukishindwa, usiilaumu, wala usiongeze dau kwa pesa ya unga wa watoto.