Kunyanyua Vyuma kwa Kipimo

Kila mmoja awe na daftari na penseli. Mwalimu wa darasa awe na chaki mkononi, maana leo tuna hesabu ya kufanya.

Somo letu ni juu ya nguvu za mwili. Tutazungumza habari za kunyanyua vyuma, na hasa ule unyanyuaji ambao mtu hulala chali juu ya benchi, akakishusha chuma mpaka kifuani, kisha akakisukuma juu mpaka mikono inyooke. Vijana wetu wanaupenda sana. Pita nyuma ya nyumba nyingi jioni, utaliona bomba la chuma lenye makopo mawili ya rangi, moja huku na moja kule, yaliyojazwa zege. Hicho ndicho chuma chao.

Najua baadhi ya wazee wangu wanasema, "Sisi hatuna haja ya mambo hayo. Jembe na gunia vinatutosha." Ni kweli, kazi ya shamba huupa mwili nguvu. Lakini gunia la mahindi halikuulizi kama jana ulilala vizuri. Uzito wake ni ule ule, kwa mzima na kwa mgonjwa. Chuma kina faida moja ambayo gunia halina: unaweza kuanza na kidogo, ukaongeza kidogo kidogo, na kila mara ukajua umefika wapi. Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2020, linawashauri watu wazima, wanaume kwa wanawake, wafanye mazoezi ya kutia misuli nguvu siku 2 au zaidi kila wiki. Nanyi wazee mmo ndani ya shauri hilo, kwa sababu misuli na mifupa hupungua nguvu kadiri umri unavyozidi.

Sasa, kuna hadithi ya kale ya Wayunani. Inasema kwamba palikuwa na mpiga mieleka jina lake Milo, mtu wa mji wa Croton. Milo alimbeba ndama mabegani kila siku. Ndama akakua, na nguvu za Milo zikakua pamoja naye, hata siku moja akawa anabeba fahali. Ninyi wafugaji mtacheka. Mnajua ya kuwa ndama hukua upesi kuliko mkono wa mtu! Mnacheka kwa haki. Lakini shikeni fundisho lililomo: nguvu huja kwa kuongeza mzigo polepole. Na pale ambapo mzigo unakua upesi kuliko mtu, mtu huumia.

Hebu tuone jinsi jambo hilo linavyotokea hapa kwetu. Andikeni hesabu hii.

Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Ndiyo maana debe la maji la lita 20 lina kilo 20. Lita 1 ya zege ni nzito zaidi, ina kilo 2.4 hivi. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege litakuwa na kilo 4 mara 2.4, yaani kilo 9.6. Makopo mawili ni kilo 19.2. Ongeza bomba, tuseme kilo 5. Jumla ni kilo 24.2. Tuseme kilo 24.

Kijana akishazoea kilo 24, hufanya nini? Hutafuta ndoo mbili za lita 10, akazijaza zege. Haya, hesabuni. Kila ndoo ni kilo 24. Ndoo mbili ni kilo 48. Pamoja na bomba ni kilo 53. Tazameni basi: jana alinyanyua kilo 24, leo analala chini ya kilo 53. Mzigo umezidi mara mbili kwa siku moja. Hakuna ngazi katikati. Wala yeye hajui, kwa sababu hakupima wala hakuandika.

Nasema haya kwa kuwa yalinipata mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi. Jioni moja nililala peke yangu chini ya chuma kipya cha ndoo. Nilikisukuma mara tatu. Mara ya nne kikashuka kifuani, na hakikupanda tena. Sikuweza kupiga kelele, maana pumzi ilikuwa imebanwa. Nilipona kwa sababu mwenzangu wa chumba alirudi kuchukua kandambili alizozisahau. Kama asingezisahau, pengine leo msingenisikia.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya vyuma vya dukani na vyuma vyetu vya zege. Chuma cha dukani kina sahani zinazotoka. Mtu akizidiwa, na kama hazikufungwa, anaweza kukiinamisha upande mmoja, sahani zikaanguka, akaokoka. Zege letu limeshikana na bomba. Halianguki. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii, na mwalimu aiandike ubaoni kwa herufi kubwa: USILALE CHINI YA CHUMA PEKE YAKO.

Mtu wa kukusaidia tutamwita msimamizi. Yeye husimama nyuma ya kichwa chako, mikono yake karibu na bomba, macho yake juu yako. Mkubaliane neno kabla ya kuanza. Ukisema "Shika!" anashika mara moja, wala haulizi. Msione haya kuwa na msimamizi. Mwaka 2021 Mmarekani mmoja, Julius Maddox, alinyanyua kilo 355 kwa namna hii hii ya kulala kwenye benchi. Katika mashindano ya namna hiyo wasimamizi huwapo, tayari kukishika chuma. Ikiwa mtu mwenye nguvu kiasi hicho husimamiwa, mimi na wewe ni nani?

Na kama huna mwenzako siku hiyo? Piga pushapu. Mtu anayepiga pushapu husukuma karibu theluthi mbili ya uzito wa mwili wake. Mwenye kilo 60 husukuma karibu kilo 40, nazo ni nyingi kuliko lile chuma la makopo. Akichoka, hulala chini tu. Mama zangu, na wazee mnaoanza, simameni mbele ya ukuta, mweke viganja ukutani, mjisukume. Ukuta ukiwa mwepesi, shukeni kwenye meza imara.

Sasa tutengeneze chuma chetu vizuri. Kabla ya kumimina zege, toboa bomba na upitishe misumari mirefu, ili zege lishike lisizunguke. Zege likikauka kabisa, kipeleke chuma kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi au ya ghala la ushirika, ukipime, kisha andika kilo zake juu yake kwa rangi. Halafu weka katikati ya bomba juu ya ubao mwembamba. Upande mmoja ukilala, pande hazilingani, na bega moja litaumia. Ongeza kwenye upande mwepesi mpaka bomba litulie. Kila siku tazama kama zege limepata ufa. Na benchi lako liwe imara: mtu wa kilo 60 na chuma cha kilo 54 ni kilo 114 juu ya miguu minne ya mbao.

Namna ya kunyanyua ni hii. Lala chali, nyayo zote mbili zikanyage chini. Vuta mabega nyuma, yabane benchi. Shika bomba, mikono ipanuke kidogo kuliko mabega. Kidole gumba kilizunguke bomba. Wapo wanaokiacha gumba nyuma pamoja na vidole vingine. Bomba likiteleza, hakuna cha kulizuia lisimwangukie mtu kooni. Vuta pumzi, shusha chuma polepole mpaka katikati ya kifua. Viwiko visitanuke sana, wala visibane mbavu. Usikidundishe kifuani. Sukuma juu huku ukitoa pumzi.

Kwanza pasha mwili moto kwa dakika tano, kisha nyanyua bomba tupu. Halafu fanya mikupuo mitatu, kila mkupuo mara 8 hadi 12, ukipumzika dakika mbili au tatu kati ya mkupuo na mkupuo. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, nazo zisifuatane, maana misuli hujijenga wakati wa kupumzika. Wala usifanyie kazi kifua peke yake. Fanyia kazi mgongo na miguu pia.

Sasa tunafika kwenye daftari. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nguvu nazo ni mali. Mwanadarasa anayejua kuandika siku, kilo na idadi ameshapata chombo kikubwa kuliko chuma chenyewe. Ukurasa wake utakuwa hivi:

Jumatatu. Kilo 24. Mara 10, mara 9, mara 7.
Alhamisi. Kilo 24. Mara 10, mara 10, mara 9.

Ukiona umeandika 12, 12, 12, ndipo uongeze, si kabla. Utaongezaje? Jaza mchanga katika mifuko miwili, kilo 1 kila mmoja. Funga mmoja kila upande kwa mpira wa baiskeli, karibu na kopo, usining'inie. Sasa una kilo 26. Mifuko ikifika kilo 3 kila upande, umefika kilo 30. Hapo chukua zile ndoo za lita 10, lakini zijaze nusu tu. Utapata chuma cha kilo 29. Ngazi ya katikati ndiyo hiyo.

Fanyeni hesabu ya mwisho. Kutoka kilo 24 hadi kilo 54 ni kilo 30. Ukiongeza kilo 2 kila wiki mbili, ni ngazi 15, nazo ni wiki 30, karibu miezi saba. Wengine watakwenda polepole zaidi, wala si aibu. Haba na haba hujaza kibaba.

Chakula nacho kina sehemu yake. Maharage, dagaa wa ziwani, maziwa, mayai, nyama mnapoipata, pamoja na ugali na matunda, hujenga misuli. Kimbieni dawa za kuvimbisha misuli zinazouzwa kwa siri. Zinadhuru moyo, ini na uzazi. Maumivu ya misuli kesho yake ni ya kawaida. Lakini maumivu makali ya kiungo, au ya kifua, au kizunguzungu, acha mara moja uende zahanati. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo aulize mganga kabla ya kuanza.

Kabla sijaaga, nataka mjue kuwa unyanyuaji huu ni mchezo wa watu wa namna nyingi. Katika michezo ya Olimpiki ya walemavu, kunyanyua uzito ni kwa kulala kwenye benchi tu. Wanawake waliingia mchezo huo Sydney mwaka 2000. Jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari wanaye Hellen Wawira Kariuki, Mkenya, aliyepata medali ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham mwaka 2022. Basi mlemavu katika kijiji chako asiachwe kando uwanja unapofunguliwa.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini chuma cha zege kina hatari zaidi kwa mtu aliye peke yake?
2. Makopo mawili ya lita 5 yamejaa zege. Bomba lina kilo 6. Jumla ni kilo ngapi?
3. Ni nani katika kijiji chetu ana chuma kisichopimwa? Tutamwendeaje kwa wema?

Swali la tatu msilijibu kwa maneno tu. Nendeni wawili au watatu, mkiwa na daftari, mkapime pamoja naye. Kwaherini, na masomo mema.